Maswali yenu kuhusu albamu za emo na pop panki, na stori zilizoko nyuma yake

Maswali mliyotuma ni mengi, nimechukua yale yanayouliza albamu zenyewe zilitokeaje, maana hapo ndo napenda kukaa. Kwa mgeni kabisa: panki ni roki ghafi ya gitaa za kelele, pop panki ni panki ya kasi yenye melodi ya kuimba pamoja, emo ni ndugu yake anayefungua moyo zaidi, na hawa ndugu wameishi nyumba moja muda mrefu mpaka mara nyingi huwezi kujua nani ni nani. Twende.

Hivi The Black Parade ya My Chemical Romance kweli inahusu mtu mmoja anayekufa? Na yale magwanda ni ya nini? (Msomaji, Morogoro)

Kweli kabisa. Mhusika anaitwa The Patient, yaani mgonjwa, ana kansa na yuko kitandani anasubiri mwisho wake. Wazo la Gerard Way, muimbaji, lilikuwa kwamba kifo kinapokuja kinavaa sura ya kumbukumbu yako uliyoishika kuliko zote, na kwa huyu mgonjwa kumbukumbu ni ya utotoni, siku baba yake alipompeleka mjini kuona bendi ya matarumbeta ikipita barabarani. Kwa hiyo kifo kinamjia kama gwaride. Ndo maana ya yale magwanda meusi ya gwaride waliyovaa bendi.

Ila ukitaka kuielewa vizuri rudi nyuma kidogo. Gerard alikuwa kijana wa New Jersey anayechora katuni, tarehe 11 Septemba 2001 akashuhudia kwa macho yake shambulio la New York, na ni baada ya siku ile akaamua maisha hayawezi kuendelea vile, akaanzisha bendi. Albamu ya kwanza ikatoka 2002 kwenye lebo ndogo, prodyuza akiwa Geoff Rickly wa bendi ya Thursday. Halafu mwishoni mwa 2003 bibi yao Gerard na mdogo wake Mikey, mpiga besi wa bendi, akafariki, bibi Elena, ambaye ndiye aliyemfundisha Gerard kuimba na kuchora, na ndiye aliyewanunulia bendi gari la kuzungukia kwenye shoo. Wimbo wa Helena kwenye albamu ya 2004 ni wa bibi huyo, na ndani yake Gerard anajilaumu kwamba alikuwa mbali sana na nyumbani katika siku za mwisho za bibi. Mimi nikiusikia ule wimbo siwezi kuuchukulia kama muziki wa vijana wenye wanja tu, ni mjukuu anaomba msamaha kaburini.

Sasa 2006 wanaingia kuandika The Black Parade, wanakaa kwenye jumba kubwa la zamani la Los Angeles linaitwa Paramour, na mambo yakawa mazito huko, Mikey akazidiwa na msongo wa mawazo ikabidi aondoke kwa muda kwenda kutibiwa. Prodyuza alikuwa Rob Cavallo, yule yule wa bendi ya Green Day. Wimbo wenyewe wa Welcome to the Black Parade ulikuwa umeanza zamani kwa jina lingine na haukuwa unakaa sawa mpaka walipoujenga upya, na Oktoba 2006 ukaenda namba moja Uingereza. Nota moja ya piano, mtu anaigonga tu na ukumbi mzima unalipuka!

Mama amesema huu ni muziki wa kufundisha watoto kujiua. Nimjibuje? (Msomaji, Moshi)

Mama yako hayuko peke yake dada, na usimjibu kwa hasira. Mwaka 2007 Uingereza binti wa miaka 13 alijiua, na 2008 magazeti, hasa Daily Mail, yakaandika kama vile emo ni dini ya kifo na My Chemical Romance ndo mitume wake. Bendi ikatoa salamu za pole kwa familia na kusema wazi kwamba wao wanapinga kujiua, na mashabiki, wengi wao vijana kabisa, wakaandamana London hadi mlangoni kwa gazeti.

Msikilizishe mama wimbo wa mwisho mwisho kwenye The Black Parade, Famous Last Words, umfafanulie maneno. Kiitikio kinasema haogopi kuendelea kuishi. Baada ya safari yote ya wodini na gwaride la kifo albamu inaamua kuishi, na hilo waliliweka makusudi. Halafu jambo lingine nalisema kwa uzito: kama ni wewe mwenyewe ambaye siku hizi mambo yamekuzidi, albamu haitoshi, ongea na mtu, mama mwenyewe, shangazi, mwalimu, daktari, yeyote unayemwamini.

Nasikia American Idiot ya Green Day iliandikwa baada ya kuibiwa. Ni kweli au stori za vijiweni? (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli. Mwaka 2003 walikuwa karibu wamalize albamu inaitwa Cigarettes and Valentines, nyimbo kama 20, rekodi zikaibwa studio. Wangeweza kurekodi upya nyimbo zile zile, ila walipokaa na Cavallo wakaulizana kama kweli ile kazi ilikuwa ya kiwango chao cha juu, jibu likawa hapana, wakaanza sifuri. Na ninaipenda sana hii sehemu inayofuata: siku moja Mike Dirnt mpiga besi alikuwa studio peke yake, akatunga kiwimbo cha sekunde 30. Billie Joe Armstrong, muimbaji, akasikia akasema na mimi nataka changu, akaunga hapo hapo, Tré Cool wa dramu naye akaunga, wakawa wanachezeana hivyo mpaka vikawa nyimbo ndefu zenye vipande vipande kama Homecoming, na baadaye Jesus of Suburbia ya dakika tisa. Marekani ilikuwa Iraq wakati huo, runinga ni vita asubuhi hadi usiku, na hasira yote ikaingia humo. Ikatoka Septemba 2004 na ikawa albamu yao ya kwanza kufika namba moja Marekani.

Na kwa wale mnaouliza kila mwaka, Wake Me Up When September Ends siyo wimbo wa siasa. Ni wa baba yake Billie Joe, dereva wa lori aliyekuwa anapiga jazi, alifariki kwa kansa Septemba 1982 mtoto akiwa na miaka 10. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuandika ule wimbo.

Ile nyumba kwenye kava la American Football ipo kweli? (Msomaji, Dar)

Ipo, iko Urbana, jimbo la Illinois. American Football ni bendi, na albamu ina jina hilo hilo. Ni nyumba ya kawaida kabisa nyeupe ya mji wa chuo, imepigwa picha kutoka chini usiku, dirisha la juu lina taa, mpiga picha ni Chris Strong. Na stori ya albamu nayo ni ya kichuo vile vile: Mike Kinsella, Steve Holmes na Steve Lamos walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakarekodi albamu yao kwa siku chache tu 1999, ikatolewa na lebo ya Polyvinyl, na wakati inatoka bendi ilikuwa tayari inakufa kwa sababu watu wamemaliza masomo na kila mtu anashika njia yake. Hamna ugomvi, hamna ziara kubwa, hamna singo redioni. Gitaa zinazozungukana taratibu na tarumbeta la Lamos linaingia kwa mbali. Basi.

Halafu miaka ikapita na watu wakawa wanapeana ile albamu mkono kwa mkono na baadaye kwa intaneti, kizazi baada ya kizazi, mpaka 2014 ikatolewa tena na wenyewe, sasa ni watu wazima wenye watoto, wakarudi jukwaani mbele ya watu wengi kuliko waliowahi kuwaona enzi za chuo. Nyumba nayo ikawa mahali pa kuhiji, mashabiki wanasafiri kwenda kupiga picha pale nje. Mwaka 2023 bendi, lebo na marafiki zao wakainunua ili isije ikavunjwa. Nyumba ya kupanga ya wanafunzi imenunuliwa na muziki uliopigwa karibu yake, mimi nikisoma ile habari nilifurahi kama imenunuliwa kwa niaba yangu.

Kwanini Bleed American ya Jimmy Eat World ina majina mawili? (Msomaji, Kampala)

Ilitoka Julai 2001 kwa jina la Bleed American. Baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka ule ule hilo neno la kuvuja damu likasomeka vibaya kabisa, wakaibadilisha ikawa Jimmy Eat World tu, na jina la mwanzo likarudi 2008. Ila stori kubwa iko kabla ya hapo. Lebo ya Capitol ilikuwa imetoa albamu yao Clarity mwaka 1999, leo inaheshimika kweli kweli, ila wakati ule haikuuza na bendi ikabaki haina lebo. Wakarudi kwenye vibarua, wakajichangia hela za studio wenyewe, na prodyuza Mark Trombino akakubali kufanya kazi alipwe baadaye mambo yakinyooka. Yakanyooka, lebo ya DreamWorks ikaichukua, na wimbo wa The Middle ukafika namba 5 Marekani mwaka 2002. Wimbo huo Jim Adkins, muimbaji wao, aliuandika baada ya shabiki mmoja, binti wa shule, kumwandikia kwamba wenzake wa panki wanamtenga hawamuoni panki vya kutosha. Ukijua na wao wenyewe walikuwa wametoka kutemwa na lebo, yale maneno ya kumwambia mtu tulia, bado uko katikati ya safari, yanakuwa na uzito mwingine.

Pinkerton ya Weezer si ndo ilikuwa mbaya zaidi? Sasa hivi kila mtu anaisifia. (Msomaji, Mombasa)

Wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbovu za 1996, kweli. Watu walikuwa wanataka ile Weezer ya albamu ya kwanza yenye kava la bluu, nyimbo safi za kuchekesha, wakaletewa kitu kinachokwaruza masikio na muungwana anayejianika. Rivers Cuomo, muimbaji wao, baada ya kupata umaarufu alikwenda kusoma Harvard, na kipindi hicho hicho alikuwa kwenye matibabu ya kurefusha mguu mmoja uliokuwa mfupi kuliko mwenzake, ana vyuma mguuni, maumivu, mpweke chuoni, barua ya shabiki kutoka Japani inamfikia, na hiyo barua ikawa wimbo wa Across the Sea. Jina la albamu ni la yule afisa wa jeshi la maji wa Marekani kwenye opera ya Puccini, Madama Butterfly, mwanaume anayeoa Japani kisha anamtelekeza mke, maana yake Cuomo alijiona mwenyewe kwenye ubaya wa yule mtu. Kampuni ya ulinzi ya Pinkerton ikaenda mahakamani kuzuia jina, haikufaulu.

Miaka mingi Cuomo aliikataa hadharani. Wakati huo huo vijana waliokuwa na miaka 15 mwaka 1996 walikuwa wanaunda bendi zao huku wamei-copy nyimbo hadi nyimbo, na 2010 Weezer wenyewe wakaipiga yote jukwaani mwanzo mwisho. Mimi bado kuna mistari humo sipendi, hasa anavyowaongelea wasichana, na Across the Sea ni wimbo mzuri unaokosesha raha kwa wakati mmoja. Sidhani kama unaweza kutenganisha hayo mawili.

Misery Business ya Paramore, kwanini waliacha kuiimba? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu ya mstari mmoja unaomtukana msichana mwingine. Hayley Williams, muimbaji, aliandika akiwa na miaka 17, albamu ya Riot! ikatoka 2007 na wimbo ukawabeba, ila alivyokua akaona yale maneno hayafai, 2018 wakauweka pembeni, 2022 wakaurudisha jukwaani. Heshima yangu kubwa kwake ni ya mapema zaidi: lebo ya Atlantic ilimsaini akiwa mtoto wa sekondari ikitaka awe nyota wa pop peke yake, akagoma, akasema anataka bendi yake.

Nani alianzisha hii emo? (Msomaji, Zanzibar)

Washington DC, 1985. Bendi ya Rites of Spring, Guy Picciotto anaimba kama koo linachanika, Ian MacKaye ndiye prodyuza, lebo ni Dischord. Shoo zao zote hazikufika hata 20 wakavunjika, na jina la emo walilichukia mpaka leo.

Panic! at the Disco walitokaje? (Msomaji, Arusha)

Watoto wa Las Vegas walimtumia demo Pete Wentz wa bendi ya Fall Out Boy kupitia mtandao wa LiveJournal, akafunga safari kwenda kuwaona wakifanya mazoezi, akawasaini hata shoo moja hawajapiga. Albamu ikatoka Septemba 2005, mwaka uliofuata video yao ikachukua tuzo kubwa ya MTV.

Sijawahi kusikia hata moja. Nianze na ipi? (Msomaji, Dodoma)

Anza na Bleed American maana haimkatai mtu. Ukiipenda nenda Riot!, halafu American Idiot, hizo mbili sauti juu. The Black Parade isikilize yote kwa mpangilio wake bila kuruka wimbo. American Football iache mpaka usiku ambao huna haraka, na Pinkerton iwe ya mwisho kabisa, ukishazoea sauti chafu. Ukimaliza niandikie ni ipi imekushika na ni wimbo gani, nitakupa zinazofuata kulingana na hiyo.