Kabla hujabadilisha viendelezi vya faili elfu kwa mkupuo

Nilikuwa na folda yenye faili zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa picha za .jpeg. Nilitaka ziwe .jpg, maana programu moja ya zamani niliyokuwa naitumia ilikuwa haizitambui zikiwa na herufi nne. (Enzi za MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili, hakikuruhusiwa kuzidi herufi tatu, ndiyo maana hadi leo tuna majina mawili kwa picha ya aina ileile.) Nikafungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, nikaandika ren *.* *.jpg (ren ni amri ya kubadilisha majina, na *.* ni faili zote), nikabonyeza Enter.

Nilisahau kwamba humo mlikuwa pia na video, PDF na barua. Kufumba na kufumbua kila kitu kikawa picha, hadi barua yangu ya kuombea kazi. Nilipaswa kuandika ren *.jpeg *.jpg, basi. Na ren ikishafanya kazi yake, haina kitufe cha kutengua.

Faili chache zilinusurika kwa bahati tu. Palipokuwa na barua.docx na barua.pdf, ya kwanza iligeuka barua.jpg, ya pili ikagoma kwa sababu jina hilo lilishachukuliwa.

Kilichoniokoa ni kwamba kiendelezi ni lebo ya nje tu. Vya ndani havijaguswa. Nilizifungua moja moja kwenye Notepad na kutazama mwanzo wake: PDF huanza na %PDF, faili ya .docx huanza na PK kwa kuwa kimsingi ni kifurushi cha zip. Nilipochoka nikahamishia folda kwenye kompyuta ya Linux, ambako amri iitwayo file husoma yaliyomo na kukutajia aina ya faili bila kujali jina. Laiti ningeanza na hiyo.

Jambo hilohilo ndilo linalowaponza wengi kwa upande mwingine. Rafiki yangu alibadilisha picha zake za .heic, aina nyingine kabisa ya picha, kuwa .jpg kwa kuandika jina jipya tu, na tovuti aliyokuwa akizipeleka ikazikataa zote. Hapo hahitaji programu ya kubadilisha majina. Anahitaji programu inayoifungua picha na kuihifadhi upya kama JPEG.

Siku hizi natumia PowerRename, programu ya kubadilisha majina ya faili nyingi kwa pamoja, iliyomo ndani ya PowerToys ya Microsoft na haina malipo. Unaiambia iguse kiendelezi peke yake, kisha inakupangia majina ya zamani na mapya sambamba kabla hujathibitisha. Programu nyingine ya aina hiyo, Bulk Rename Utility, ina uwezo mkubwa zaidi, ila kioo chake kimejaa visanduku utadhani umekaa kwenye usukani wa ndege. Kwa kazi ya .jpeg kwenda .jpg sioni haja yake.

Vyovyote utakavyochagua, kwanza iamuru Windows ionyeshe viendelezi, kwani yenyewe huvificha. Usipofanya hivyo utaandika picha.jpg na kumbe jina kamili limekuwa picha.jpg.txt. Halafu nakili faili tano kwenye folda ya pembeni, ujaribie huko.

Zangu zilirudi zote isipokuwa moja, ambayo hata amri ya file iliishia kuiita “data” tu. Nimeiacha hivyohivyo, na .jpg yake.