Jibu: Kisima kimeanza kuwa na chumvi, nikichimbe zaidi?

Usichimbe, ndugu. Maji matamu ya hapa Lamu ni ya mvua, yanaelea juu ya maji ya bahari humo humo mchangani kwa kuwa ni mepesi. Usawa wake ukishuka sentimita 10, chumvi huweza kupanda kama mita 4. Ukiongeza kina, unaifuata. Na watekaji wamezidi: sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 kaunti nzima, ya 2019 ikapata 143,920. Mchanga wa vilima vya Shela, hapa kisiwani, unaokunywa mvua ni ule ule, tena tunaujengea.

Acha kuvuta kwa pampu mfululizo. Teka kidogo asubuhi, kidogo jioni, kisima kipumzike. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi haitoki. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima kuliko mita 30, na mjini tulivyobanana ndivyo kilivyo, maji ya kisima hicho yawe ya kuoshea tu.

Ya kunywa, kinga mvua. Paa la mabati la mita 50 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, ni lita 1,000. Ukitoa yanayopotea, hesabu 800. Ya mwanzo yamwage, yana kinyesi cha ndege. Makuti hayafai, hutoa maji ya rangi ya chai. Mdomo wa tangi ufunge kwa chandarua, mbu wasizaliane.