Mwenzako anategea deikea? Gawaneni watoto, msigawane kazi

Kila deikea ina mtu wa "ngoja nipokee simu". Mtoto akichafua nepi, simu yake imelia. Uji ukimwagika, yuko langoni anapiga gumzo na dereva wa tuktuk. Nimelea watoto wa watu hapa Malindi muda wa kutosha kuwatambua hawa kwa mwendo tu, na bado nasema usikimbilie kwa mwenye kituo. Chunguza kwanza kama huyo mtu anategea kweli.

Uliza kama amelipwa. Mji wetu unategemea msimu. Pasaka ikipita na masika ikianza, hoteli nyingi za ufuoni hupunguza watu, nyingine hufunga kabisa mpaka Julai hivi. Na akina mama wanaotuletea watoto ndio haohao wanaotandika vitanda na kufua mashuka kwenye hoteli hizo. Wakirudishwa nyumbani, watoto wanakaa nao au wanakuja kwa deni, nasi mshahara unatoka nusu nusu. Mtu aliyekuwa mchapakazi Januari, ukimwona Mei amejiinamia tu, kodi ya nyumba ndiyo inayomla. Hapo nendeni kwa mwenye kituo pamoja, si mmoja mmoja, mkaulize tarehe. Hata iwe mbali, tarehe inatuliza watu kuliko "nitaangalia".

Ramadhani nayo ina mambo yake. Aliyefunga, saa nane mchana, joto la kaskazi limempiga, kumshikisha sufuria ya uji ni kumtafuta maneno. Sisi hupangana mapema: waliofunga wanapokea watoto wa alfajiri, maana wameshaamka kula daku, na wasiofunga wanabeba jiko na mchana. Krismasi ikifika waliofunga wanalipa fadhila hiyo, wanawabebea wenzao kazi.

Sasa yule mwenyewe. Amelipwa, haumwi, hajafunga, na hainuki. Dawa yake niliyoiona ikifanya kazi ni kugawa watoto badala ya kugawa kazi. Vituo vingi vinapanga hivi: fulani nepi, fulani chakula, fulani kulaza. Mpango huo ndio unaomficha anayetegea, kwa sababu mtoto akikaa na nepi mbichi kila mmoja anadhani mwingine yuko njiani. Mpeni watoto wake, wanne au watano, kuanzia kupokelewa asubuhi mpaka kukabidhiwa jioni. Kila mtoto awe na mtu wa pili pia, kwa siku ambazo ticha wake hakufika.

Tazama jioni inavyobadilika. Mama anaingia na sare ya hoteli bado mwilini, anauliza, "Amekula?" Zamani aliye karibu na mlango ndiye anayejibu, "Amekula vizuri," na hata hakumwona mtoto akila. Siku hizi anajibu mwenye mtoto, na mama huku anasikiliza huku anamwinua mwanawe kidevu, anaangalia mikunjo ya shingo kama kuna poda iliyogandana na jasho au uji uliokauka. Hakuna msimamizi mkali kama kidole hicho cha mama. Tulikuwa na dada mmoja tuliyekwisha kumkatia tamaa. Alipopewa watoto wake, haukupita muda nikamkuta amelala kiubavu mkekani, kitoto kimemshika sikio, kwa sababu hakilali bila kushika sikio la mtu, na yeye ndiye aliyeligundua hilo. Simu alikuwa nayo mkono wa pili, sawa, lakini hainuki mpaka kitoto kilale.

Usimfanyie mtu kazi yake kimyakimya kisha ukamsema jikoni. Mwambie, na utaje kitu chenyewe: "Dada, asubuhi hii wako wawili nimewabadilisha mimi. Huyu wa tatu ni wako." Ukimwambia "wewe mvivu" mtaanza vita vya familia. Akiwa amekuzidi umri, njia ni nyingine. Shikamoo kwanza, halafu ombi: "Mama, nisaidie hawa wa mkekani, mimi nitoke na wa nje." Likikwama, mtume mtu mzima mwenzake.

Subira hii yote inakoma pale usalama unapoguswa. Mtoto kuachwa peke yake na beseni la maji, lango kuachwa wazi, kupigwa, au kunyweshwa dawa ya mafua ili alale watu wapumzike, hayo hayasubiri kikao cha Ijumaa. Mwambie mwenye kituo siku hiyohiyo, kwa maandishi: tarehe, saa, mtoto gani, uliona nini. "Huwa anafanya hivyo" haitoshi. Akipuuza, nenda kwa afisa wa watoto, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, haina malipo. Ile nakala ya barua yako ihifadhi nyumbani, usiiache kwenye droo ya kituo.