Maswali na majibu: Askari wetu na kozi za ng'ambo

Tangu niandike hapa kwamba kozi za polisi nje ya nchi zina faida kubwa kwa mji wa bandari kama Tanga, wasomaji wameniletea maswali, mengine ya hasira. Najibu haya.

Hasa wanapelekwa wapi, na wanasomea nini? (Mwalimu, Korogwe)

Wengi hawafiki mbali kama watu wanavyodhani, mwalimu. Chuo kinachotajwa sana ni ILEA, chuo cha kimataifa cha mafunzo ya polisi kilichopo Otse, kusini ya Gaborone, Botswana. Marekani na Botswana walikubaliana kukianzisha mwaka 2000, na maofisa wa nchi nyingi za Afrika husoma humo, Tanzania ikiwemo: upelelezi wa dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu, utakatishaji fedha, ujangili, kulinda eneo la tukio. Kuna pia chuo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kule Quantico, Virginia, kilichoanza mwaka 1935. Kozi yake ni ya wiki 10, wanafunzi wengi ni Wamarekani wenyewe, na nafasi za wageni ni chache. Halafu kuna mafunzo ya EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioundwa mwaka 1998, ambao sekretarieti yake ni ofisi ya Interpol ya Nairobi. Mimi haya ya majirani ndiyo ninayoyathamini zaidi, na sababu nitaitaja hapo chini.

Nina miaka sita kazini. Nami nifanyeje nipate? Au ni za wenye nyota tu? (Konstebo, Pangani)

Afande, kozi hizi mtu haombi mwenyewe kama anavyoomba chuo kikuu. Mwaliko huja makao makuu kupitia ubalozi au Interpol, kisha mikoa na vikosi hutakiwa kutoa majina. Ni kweli nyingi huwalenga wakaguzi na warakibu, ila mafunzo ya alama za vidole, uchunguzi wa simu au doria za boti yanamhitaji anayeishika kazi yenyewe kwa mikono yake.

Kuna jambo askari vijana hawaambiwi. Kwa kozi zinazolipiwa na serikali ya Marekani, jina lako na kikosi chako huchunguzwa kwanza chini ya sheria ya Leahy, iliyopewa jina la seneta aliyeipigania. Pakiwa na taarifa za kuaminika kwamba kikosi kimetesa au kuua raia kinyume cha sheria, mlango unafungwa. Kwa hiyo namna unavyomtendea mtuhumiwa leo pale Pangani ni sehemu ya safari yako. Mengine ni pasi ya kusafiria na Kiingereza cha kuandikia ripoti. Vyote viwili anza sasa.

Kijana mmoja anataka laki nne amwingize mwanangu kozi ya polisi Marekani, akirudi ataajiriwa moja kwa moja. Nimpe? (Mama, Makorora)

Usimpe hata shilingi, mama yangu. Kozi hizi ni za walio kazini tayari. Hakuna raia anayepelekwa nje kisha akarudi kuvishwa gwanda. Ajira hutangazwa na Jeshi la Polisi, maombi hayalipiwi. Meseji zake usizifute. Nenda nazo kituo cha Chumbageni, au piga TAKUKURU kwa namba 113, ni bure.

Wanakwenda, wanarudi na vyeti, kaunta ya kituo ni ile ile. Kodi zetu zinaliwa. (Mfanyabiashara, Ngamiani)

Kaka, kwenye kodi nakupinga: tiketi, malazi na chakula kwa kozi kama za Otse hugharamiwa na wenye programu, sisi tunaendelea kulipa mshahara tu. Lakini hilo la kaunta ni la haki, na linaniuma kama linavyokuuma wewe.

Chukua nguo yenye damu ya majeruhi. Askari aliyefundishwa haifungi kwenye nailoni ikiwa mbichi, maana unyevu huharibu vinasaba (DNA). Anaiacha ikauke kivulini, pasipo watu kuishikashika, anaitia kwenye bahasha ya karatasi, anaifunga, anasaini pale ilipofungwa, anaandika tarehe, saa na jina la anayemkabidhi. Kila ikihama mkono inaandikwa upya. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: lazima karatasi zionyeshe kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa wapi, kikapita kwa nani. Kesi nyingi za dawa za kulevya zimeangukia hapo. Mtu anakamatwa na kete mtaa mzima ukiona, baadaye yuko huru barabarani, na watu wanasema polisi wamehongwa. Pengine ni saini iliyokosekana kwenye bahasha.

Haya hufundishwa kwa siku chache tu. Shida ni anaporudi. Anahamishiwa trafiki, au anapewa meza mkoani, na mwenzake wa Mkinga anayepokea kielelezo saa nane za usiku hajui lolote kati ya yale aliyosoma. Ningekuwa na usemi, asingepata mtu kozi ya pili kabla hajawafundisha wenzake wa kituoni ile ya kwanza, kwa Kiswahili, bahasha ikiwa mkononi. Wala asingehamishwa kitengo ndani ya miaka miwili.

Kwa nini tusifundishane hapa hapa nyumbani? (Mzee, Lushoto)

Shikamoo, mzee wangu. Una haki ya kuuliza: polisi ya Tanganyika ilipoundwa mwaka 1919, makao makuu yake yalikuwa huko huko Lushoto. Na nyumbani tunafundishana, kwenye vyuo vya polisi vya Moshi na Dar es Salaam. Lakini heroini inayoshushwa pwani hii kwa miaka mingi imetoka Afghanistan, ikapakiwa majahazi pwani ya Makran, Iran na Pakistan, ikavuka bahari. Vijana wa Ethiopia wanaokamatwa upande wa Horohoro, mpakani, wameshaipita Kenya nzima. Askari wa Horohoro anahitaji kumjua mwenzake wa Lungalunga, upande wa Kenya, kwa jina na kuwa na namba yake. Barua rasmi ya kuomba taarifa hupita ofisi baada ya ofisi. Mtu uliyekaa naye dawati moja wiki mbili unampigia simu usiku huo huo, barua ikafuata.

Akirudi na mbinu za huko, anaweza kunihoji kwa sheria za Marekani? (Bodaboda, Mabokweni)

Hapana. Sheria ni yetu: saa nne za mahojiano tangu uwekwe chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa hadi nane nyingine kwa utaratibu, na dhamana ya polisi hailipiwi. Hata mkufunzi wa kigeni akija Tanga, hana mamlaka ya kumkamata mtu.

Nimemaliza kidato cha sita, nautaka upolisi. Wanawake nao hupelekwa? (Binti, Muheza)

Hupelekwa, mwanangu. Askari wanawake wa Tanzania wamehudumu Darfur chini ya Umoja wa Mataifa, na Madawati ya Jinsia na Watoto vituoni yanahitaji wenye mafunzo kuliko kitengo chochote ninachokijua. Tangazo la ajira likitoka, omba mapema, na hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na la vyeti vya shule.