Mungu Akipenda, na Bahasha Kwapani

SWALI: Mhariri, nafanya usafi hotelini hapa Chicago pamoja na akina mama wa Mexico. Kila jambo, hata kesi ya uhamiaji, wao husema "si Dios quiere", yaani Mungu akipenda. Mmoja ana picha ya Bikira wa Guadalupe, yaani Bikira Maria anavyoheshimiwa Mexico, juu ya bahasha ya vyeti vya wanawe. Je, huku si kujikalia tu? – Mama wa wawili.

JIBU: Dada yangu, wewe mwenyewe husema "inshallah" mara ngapi kwa siku? Hata "ojalá" yao, neno la kutamani jambo litokee, asili yake ni Kiarabu. Itazame tena bahasha hiyo: anayemwachia Mungu kila kitu hapangi vyeti. Methali yao yasema "A Dios rogando y con el mazo dando", yaani kumwomba Mungu huku nyundo ikigonga.

Hapo hapo mjini kwenu, Agosti 2006, Elvira Arellano, mama wa Kimexico aliyetakiwa kuondoka nchini, alijihifadhi na mwanawe Saul, mzaliwa wa Marekani, katika kanisa dogo la Kimethodisti, akakaa humo mwaka mzima, akisali na kuwahutubia waandishi wa habari. Agosti 2007 alitoka kwenda kuwatetea wahamiaji wenziwe, akakamatwa Los Angeles na kurudishwa Mexico. Wapo waliomwita mkaidi; sikubaliani nao, kwani imani ndiyo iliyompa pa kusimamia. Kuhusu mwenzako, muulize tarehe ya kesi yake. Nadhani anaijua kwa moyo.