Simbilisi ndani ya nyumba ya kupanga Mtwara: yaliyonipata na nilivyorekebisha

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umehamia nyumba ya kupanga hapa Shangani, Mtwara, ukiwa na simbilisi (guinea pig) wawili uliowatoa Iringa, na unauliza uitengeneze vipi nyumba ili uwafungulie watembee bila kudhurika. Nimefuga wanyama hawa mjini hapa kwa miaka sita na nimepoteza watatu, na katika hao hakuna hata mmoja aliyekufa kwa maradhi. Wote waliuawa na nyumba yangu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza huenda lisikupendeze: usiwafungulie nyumba nzima. Wape chumba kimoja unachokijua hadi pembe zake, kisicho na jiko, friji wala gunia lililoegemezwa ukutani.

Wa kwanza aliuawa na waya wa friji. Meno ya simbilisi hayakomi kukua maisha yake yote, hivyo ni lazima atafune, na waya uliolala sakafuni kwake hauna tofauti na mzizi. Nilimkuta nyuma ya friji, na kwenye plastiki ya waya palikuwa na alama ndogo zilizopangana vizuri kama zilizopigwa kwa patasi. Siku hizi nyaya zote za chumba chao nimezipitisha ndani ya bomba jembamba la plastiki, lile ambalo mafundi umeme hutumia ukutani, na soketi zilizo chini sizitumii kabisa. Vijiti vya mpera huwa havikosekani chumbani, wavitafune hivyo.

Wa pili alikufa kwa joto, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu wewe unatoka kwenye baridi. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Hatoi jasho, na joto likipita nyuzi 28 hivi huanza kuwa hatari kwake. Mtwara, kuanzia Novemba hadi Machi, mchana hupita nyuzi 30 mara nyingi, tena kwa unyevu, na chumba cha bati kisicho na dari huwa kama tanuri. Niliacha boksi lao kivulini asubuhi nikaenda kazini, bila kukumbuka kwamba jua huhama. Ukimwona amelala ubavu, anahema harakaharaka na mate yanamtoka, mpeleke penye upepo, umpanguse masikio na miguu kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, usitumie barafu, kisha umtafute daktari wa mifugo. Dawa iliyonifaa kuliko feni ni mtungi wa udongo uliovunjika mdomo, niliolaza ubavu sakafuni na kuumwagia maji kwa nje kila adhuhuri. Huingia wote wawili, wakabaki na pua tu mlangoni.

Wa tatu alikula sumu ya panya, ingawa mimi sikuwa nimeweka sumu yoyote. Iliwekwa kwenye chumba cha jirani, na panya ana tabia ya kubeba punje na kuzificha mbali. Nyingi ya sumu hizi huzuia damu kuganda, kwa hiyo mnyama huonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha damu huanza kumtoka puani. Zungumza na wapangaji wenzako mapema, hata kama watakucheka.

Lipo pia jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia: korosho. Nyasi zilizokatwa chini ya mikorosho wakati wa kupulizia salfa zina unga wa dawa, nami huzikataa hata nikipewa bure. Maganda ya korosho yana mafuta yanayobabua ngozi, kama anavyojua kila aliyewahi kubangua kwa mkono, basi msimu ukifika gunia la korosho ghafi lisiingie chumbani mwao. Majani mabichi ya muhogo na majani ya mparachichi nayo ni sumu kwao.

Usimpe amoksilini ya duka la dawa akikohoa. Huua bakteria wa tumboni wanaomsaidia kusaga chakula, naye hufa kwa kuhara. Miguu ya banda isimamishe ndani ya makopo yenye maji na oili chafu kidogo, siafu wasipande.

Kuna aliyekushauri humu uokote kobe au komba porini kwa kuwa ni wagumu zaidi. Hao ni wanyamapori, wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na komba mdogo wa Rondo, mkoani Lindi, yuko hatarini kutoweka. Tafadhali usijaribu.

Kabla hujawaingiza, fanya jaribio hili mchana wa jua kali: funga dirisha na mlango, ziba dirisha kwa blanketi, zima taa, ukae sakafuni dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila mahali utakapoona mwanga unapenya chini ya mlango au kwenye makutano ya ukuta na sakafu, huenda panya akapita, na nyoka humfuata panya. Mimi niliona matundu manne. Matatu niliyaziba kwa saruji, na chini ya mlango nikapigilia ubao.