Muulize Fundi wa Maji: Tangi la hospitali linakauka saa nne asubuhi

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya kijijini, mkoani Singida. Tuna vitanda 60, wagonjwa wa nje kama 120 kwa siku, na akina mama wanne hivi wanaojifungua kila siku. Maji yanavutwa na mashine ya dizeli kutoka kisima kirefu, na jioni tangi la lita 10,000 linakuwa limejaa. Ikifika saa nne asubuhi koki zinakohoa tu. Hapo ndugu wa wagonjwa wanakwenda kuchota lamboni. Juzi mama aliyetoka kujifungua ameoga maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Sasa wamekuja wafadhili, wanataka kutuchimbia kisima cha pili. Tukubali? (Sista, Singida)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wafadhili wape chai, wasubiri kidogo. Hesabu yote umenipa mwenyewe bila kujua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila aliyelazwa, lita 5 kwa wa nje, na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Tuchukue cha juu. Vitanda vyote vimejaa: 3,600. Wa nje: 600. Wazazi: 400. Jumla 4,600 kwa siku nzima. Ongeza chumba cha upasuaji, ongeza na shangazi wanaopika ugali nyuma ya wodi, hata 7,000 hufiki. Ninyi mnamaliza 10,000 kabla ya chai ya saa nne. Kuna kitu hapo kinakunywa usiku, na wala hakijalazwa.

Niliwahi kuitwa kwenye hospitali moja upande wa Kondoa, kilio kilekile. Nilizunguka na ramani ya mabomba nusu siku, sikuona kitu. Walionionyesha ni mbuzi. Ilikuwa Septemba, nchi nzima kahawia, nao wamejazana nyuma ya wodi ya wanaume wanakula majani mabichi. Tulichimba futi mbili, tukakuta kiungio cha bomba kimeachia. Ufa wenyewe unaingia kucha tu, lakini unamwaga saa 24. Vyooni nako floti tatu, yale maboya yanayofunga maji kitangi cha choo kikijaa, zilikuwa zimekwama, maji yanateremka kimyakimya. Ukuta wa choo ulikuwa na ukungu wa kijani, na kila mtu alikuwa anaupita.

Basi fanya hivi. Saa mbili usiku, wodi zikishatulia na mashine imezimwa, chora kwa chaki nje ya tangi pale maji yalipofika. Kama ukuta wa tangi hauonyeshi maji, teremsha fimbo kavu kutoka juu. Saa kumi na moja alfajiri pima tena. Tangi lenye kipenyo cha mita 2, kila sentimita moja inayoshuka ni lita 31. Likishuka sentimita 80, umepoteza karibu lita 2,500 watu wakiwa wamelala. Usiku unaofuata funga vali ya wodi moja, upime tena, halafu nyingine, mpaka umjue mwizi. Usizisahau nyumba za watumishi. Mara nyingi zimeungwa kwenye bomba hilohilo, na bustani ya mchicha ya mkubwa fulani inamwagiliwa kwa maji ya wazazi. Hilo liseme kwa adabu, ila liseme.

Maji ya lamboni yabaki ya kusafishia sakafu. Klorini ukiitia kwenye maji yenye tope, tope ndilo linaila, vidudu vinabaki salama. Ya kisima ndiyo ya kutibu: tangi likijaa lita 10,000, chukua gramu 31 za klorini ya unga ya asilimia 65, ikoroge kwenye ndoo ya maji, iache itulie, umimine yale maangavu ya juu. Subiri nusu saa, kisha pima klorini iliyobaki, kwa vidonge vya kupimia, kwenye koki ya mbali kuliko zote. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na 0.5 ndiyo nzuri. Kabla ya yote, panda ukaangalie kama tangi lina mfuniko. Mimi nimeshatoa chura humo.

Paa nalo msiliache bure. Mita 300 za mraba, mvua ya milimita 600 kwa msimu, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 144,000. Mvua ya kwanza iacheni ioshe paa, inayofuata ikingeni kwa ajili ya kufulia.

Kuhusu wafadhili: waombeni sola ya kuvutia maji badala ya dizeli, na tangi la pili juu ya mnara. Wakisisitiza kisima, maji yapimwe floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kabla hamjasaini chochote, maana huko kwenu sehemu nyingine floraidi ni nyingi, na kuchemsha hakuiondoi wala klorini. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, maji hayo yasiwe ya kunywa.

Lakini chaki kwanza. Niandikie namba zako mbili, ya saa mbili na ya saa kumi na moja, pamoja na kipenyo cha tangi.